Yah: Ombi la kutoharakisha tovuti yenu

Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Tehama,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Jina la taasisi yenu sijaliandika kwa sababu nembo haijafunguka. Tangu asubuhi zimeonekana pembe mbili, nadhani za twiga. Mwenyewe bado yuko njiani.

Mimi nina steshenari hapa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale. Kompyuta mbili, printa moja, na benchi la watu sita. Benchi hilo ni matunda yenu. Nilipoanza nilikuwa na stuli moja, nikidhani kujaza fomu ni kazi ya dakika kumi. Leo nauza soda, mandazi na karanga, na nimetandika mkeka kwa wenye watoto. Leo hii mayu mmoja, ndivyo tunavyomwita mama huku, amekuja kwa bodaboda kutoka Nyijundu kushughulikia fomu ya mjukuu wake. Kile kiduara chenu kikaanza kuzunguka. Akakikodolea macho weee, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiki kinasaga nini?" Nikamwambia kinatafuta fomu. Akasema karasha ya mwanawe ya kusaga mawe ya dhahabu nayo huzunguka hivyo hivyo kutwa, ila jioni hutoa unga.

Ndiyo maana nimeshtuka kusikia kuna vijana ofisini kwenu wanaotaka tovuti iwe na kasi. Habari nimeletewa na mpwa wangu aliyekuja huko kwa mafunzo kwa vitendo. Anasema kiunzi cha tovuti ni kile cha AngularJS, ambacho Google waliacha kukihudumia mwishoni mwa 2021, na kwa jinsi mlivyokitumia, simu ya mteja hulazimika kupakua programu nzima na kuichambua ndipo itoe neno la kwanza. Simu ya laki moja inapata joto mpaka unaweza kukaangia karanga. Juu ya hayo kuna picha ya mgeni rasmi akikata utepe, megabaiti 6. Kwa mtandao wetu wa "E" huku, kilobiti 200 kwa sekunde mnara ukiamka vizuri, utepe huo peke yake ni dakika 4. Dakika 4 kwangu ni andazi na nusu soda.

Vijana hao wala hawataki kubomoa. Wanataka kuhama polepole. Mlangoni wataweka karani wa kupokea maombi: ukurasa uliokwisha kuhamishwa anaupeleka kwenye kiunzi kipya, ambao bado anaurudisha kwa mkongwe, na mteja hajui kumetokea nini. Wataanza na fomu moja tu, ile ile inayojaza benchi langu. Itapikwa huko huko kwenye seva, ije imeiva, simu ipakue tu. Watapima kwa simu ya bei poa, si kwa kompyuta ya bosi. Wiki ikipita bila kilio, wanahamia ukurasa wa pili. Tena wameonyana wasiweke viunzi vyote viwili kwenye ukurasa mmoja, maana mteja atavibeba vyote na mzigo utazidi wa mwanzo. Wamefikiria mpaka hapo! Watu wa namna hii wahamisheni idara mapema.

Akili yenyewe si ngeni huku. Matimba yakioza ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, hakuna mwenye duara anayeyang'oa yote asubuhi akitegemea kuweka mapya jioni. Gogo jipya linaingizwa kando ya bovu, linagongwa mpaka libebe mzigo, ndipo bovu linatolewa, na walio chini wanaendelea kujaza viroba. Lakini wale wana haraka, wana watu chini. Nyie mna watu kwenye benchi langu tu.

Mfano wa kufuata ni Netscape, wale wa kivinjari. Toleo lao la 4 lilitoka 1997, kisha wakaamua kuandika upya kutoka sifuri. Lililofuata likatoka Novemba 2000 na kuitwa la 6. La 5 halikuwahi kutoka. Walipoinua macho, soko lilikuwa mikononi mwa Microsoft. Nanyi ng'oeni yote kwa mpigo. Tangazeni kwamba mfumo uko kwenye maboresho, zindueni kwa turubai, keki na fulana, halafu nywila zote za zamani zikatae, wilaya nzima ijisajili upya. Kusajili ni shilingi 2,000 kwa kichwa. Keki nitachangia.

Na jihadharini na mifano mibaya. Pale Baraza la Mitihani, ukurasa wa matokeo ya shule ni jedwali la maandishi basi: namba, jinsi, daraja, alama. Hakuna picha inayoteleza wala salamu za mtu. Ukifunguka kwangu, mteja hana hata nafasi ya kuuliza bei ya soda. Sasa hiyo ni huduma gani?

Mara moja tu mlinipa wasiwasi, 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini huko kusini. Nchi nzima ikawa na kasi yenu. Nikaogopa wateja watazoea kulaumu bahari. Mafundi wakaunga nyaya, wenzenu wakarejea mbio, nanyi mkabaki na msimamo wenu. Nawapongeza.

Nimeandika haya nikisubiri ukurasa ule ule. Mayu wa Nyijundu ameondoka. Dereva wa bodaboda amekataa kusubiri giza. Ameniachia karatasi yenye namba za mjukuu na shilingi 2,000, ambazo sijajua nizifanyeje. Dirisha la maombi linafungwa leo saa sita usiku. Twiga amefika shingoni.

Wenu mnufaika,
Mwenye benchi, Kharumwa