Namna ya Kuwaficha Watu Wako Safari na Bado Wakufuate

Kwanza kabisa, pata siri inayostahili kufichwa. Hatua hii viongozi wengi huiruka. Hufungia kabatini mambo ambayo mlinzi wa getini ameshayajua tangu wiki iliyopita: kwamba tawi la pili linafungwa, kwamba fungu la mafunzo limekwisha kabla ya mafunzo, kwamba gari jipya la ofisi ni la mkurugenzi. Kisha hushangaa kukuta watu wananong'ona kwenye ngazi. Siri za aina hiyo hazimlindi yeyote. Zinamjulisha tu kila mfanyakazi kwamba bosi anamwona mtoto.

Siri yenye uzito ni kama ile ya Roald Amundsen. Mwaka 1909 Mnorwei huyu alikuwa anajiandaa kwa safari ya Aktiki, ameshaazimwa Fram, meli iliyojengwa kwa ajili ya Fridtjof Nansen, na michango inapatikana. Septemba ya mwaka huo Wamarekani wawili, Frederick Cook na Robert Peary, kila mmoja akatangaza kwamba ndiye aliyefika Ncha ya Kaskazini. Nani angemchangia mtu wa tatu? Amundsen akageuza shabaha kuwa Ncha ya Kusini, na akanyamaza. Robert Scott wa Uingereza alikuwa anajiandaa kwenda hukohuko, na habari ikivuja wakubwa wangeweza kuizuia meli. Waliojua ni kaka yake Leon na maofisa wachache wa Fram. Agosti 1910 wakang'oa nanga Norwei, mabaharia wakiamini kwamba watazunguka Amerika ya Kusini ili waingie Aktiki kwa upande wa Alaska.

Hatua ya pili: usisahau kwamba watu wako wanahesabu mbwa. Sitaha ya Fram ilijaa mbwa wa Greenland, karibu mia moja, wakipelekwa kuvuka joto lote la ikweta ilhali mbwa wangeweza kupatikana Alaska, mbele ya safari. Chini yake kulikuwa na nyumba ya mbao ya kuunganisha, katika safari iliyosemekana ni ya kuishi ndani ya meli iliyogandiana na barafu. Mabaharia waliuliza. Walijibiwa kwa kubabaisha, na kila jibu la kubabaisha liliongeza swali lingine.

Ofisini kwako nako mbwa wapo. Mhasibu amejifungia na wageni siku mbili, ajira zimesimamishwa, na ghafla umeanza kumwita kila mtu "mpendwa". Watu wameshaona. Usijidanganye kwamba kimya chako kinawapa utulivu. Kimya kinawapa nafasi ya kutunga mpango wako kwa niaba yako, na mpango wanaoutunga wao siku zote ni mbaya kuliko ule ulio nao. Ndiyo maana siri ya kiongozi inatakiwa iwe na tarehe ya kufa, na tarehe hiyo iwe karibu.

Ya Amundsen ilikufa Madeira, bandari ya Funchal, mwezi Septemba 1910. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye somo lote la kuwaongoza watu. Meli ikiwa karibu kuondoka, aliwakusanya wote sitahani, ramani ya Antaktika ikatundikwa, akawaeleza wanakokwenda na kwa nini aliwaficha. Kisha akawauliza mmoja mmoja, kwa jina, kama wako tayari kwenda naye. Kila mmoja akasema ndiyo.

Tazama mahali alipouliza. Bandari ilikuwepo na nchi kavu ilikuwepo. Kaka yake alikuwa pale, tayari kurudi na barua zao Norwei. Aliyetaka kukataa angeweza kukataa na bado akawa na pa kusimama. Angewauliza wiki tatu baadaye, katikati ya bahari ya Atlantiki, maneno yaleyale yangekuwa utekaji nyara wenye adabu.

Sasa linganisha na kikao cha Jumatatu unachokijua. Barua imesainiwa Ijumaa, mabango yamechapishwa, fulana zenye kaulimbiu mpya zimekunjwa kwenye maboksi nyuma ya mlango, na mkubwa anasimama kusema "maoni yenu yanakaribishwa sana". Jamani, fulana zikishachapishwa hakuna kikao. Kuna tangazo. Basi litangaze kama tangazo, utaje sababu zake, uwaache watu wanywe chai. Watu wazima wanaweza kupokea uamuzi ambao hawakuufanya. Kinachowaumiza ni kuombwa kuigiza kwamba waliufanya wao. Naamini kwa dhati kwamba kuufikiria mkakati peke yako ni haki yako kama kiongozi, na kuukataa ni haki yao, na kwamba kuaminiana huanza siku mtu anapojua angeweza kusema hapana akashuka melini na heshima yake.

Hata hivyo usimwige Amundsen katika kila kitu. Mwezi mzima baharini maofisa wake walilazimika kula meza moja na wenzao huku wakiwadanganya, na huo ni mzigo ambao kiongozi hapaswi kumtwika msaidizi wake kwa muda mrefu hivyo.

Hatua ya tatu ni ya majira ya baridi, nayo ni nyepesi: wape watu mkakati waushike kwa mikono. Kambini Framheim, juu ya barafu ya Antaktika, watu tisa walikaa miezi ya giza wakirekebisha vifaa. Olav Bjaaland alizichonga sleji, yale magari ya kukokotwa na mbwa, hadi zikapungua uzito kwa zaidi ya nusu. Kila asubuhi kulikuwa na shindano la kukisia nyuzi za baridi, lenye zawadi, ili watu watoke nje na wajue kusoma hali ya hewa hata vipimajoto vikivunjika njiani. Maghala ya chakula yaliwekwa alama kwa bendera nyingi zilizopangwa kulia na kushoto, zikiikata njia, ili aliyepotea kidogo asipotee kabisa. Huo ni mkakati unaomheshimu mtu atakayechoka. Scott, kwa upande wake, mapema Januari 1912 aliongeza mtu wa tano kwenye kundi la mwisho wakati hema, jiko na mafungu ya chakula vilikuwa vimepangwa kwa wanne. Ukibadili mpango dakika ya mwisho, anayelipa ni mpishi.

Hatua ya nne: usikimbie. Septemba 8, 1911, kwa hofu ya kutanguliwa na Scott, Amundsen aliondoka mapema mno. Hjalmar Johansen, mkongwe aliyewahi kutembea na Nansen kwenye barafu ya Aktiki mwaka 1895, alikuwa amemwonya. Baridi ikafika nyuzi 56 chini ya sifuri, ikabidi warudi. Siku ya mwisho Amundsen alipanda sleji ya mwenzake, akatangulia kambini kwa kasi, na kundi likatawanyika. Kristian Prestrud akabaki nyuma na miguu iliyoungua kwa baridi, bila chakula wala jiko. Johansen ndiye aliyemngoja, akamfikisha kambini usiku wa manane.

Asubuhi, wakati wa kifungua kinywa, Johansen akasema mbele ya wote kwamba kiongozi aliyewaacha watu wake si kiongozi. Amundsen akajibu kwa njia ambayo kila mtumishi wa umma anaifahamu: uhamisho wa adhabu. Akamwondoa kwenye safari ya Ncha na kumpeleka na kikundi kidogo kwenda kuchunguza sehemu nyingine, chini ya Prestrud, yuleyule ambaye Johansen alimwokoa.

Desemba 14, 1911, Amundsen na wanaume wanne walifika Ncha ya Kusini, na wote watano wakaishika bendera pamoja. Walirudi kambini Januari 25, 1912, wote hai. Kwa sababu hiyo utasikia ikisemwa kwamba alifanya sawa. Hapana. Mpango ulikuwa mzuri kiasi cha kustahimili kosa lake, na kosa likabaki kosa. Johansen alirudishwa Norwei peke yake, mbali na wenzake, na Januari 1913 akajiua. Alikuwa na shida za pombe na madeni tangu zamani, hivyo sitamtwisha Amundsen mzigo wote. Lakini fedheha ile ilikuwa ya kutengenezwa, na ilitengenezwa na mtu aliyejua vizuri, tangu Madeira, jinsi ya kumpa mtu heshima.

Kwa hiyo Johansen wako atakaposimama, na atasimama, usimsubiri faragha wala usimwandikie barua ya kujieleza. Alisema mbele ya watu, mjibu mbele ya watu haohao, asubuhi hiyohiyo: ulinionya, sikusikiliza, na niliwaacha njiani. Halafu fungua orodha ya safari inayofuata, na jina lake lisomwe mapema.