Mbona Jana Ilibeba?

Ningekuwa na mamlaka hapa Handeni, ningeitoza kodi sentensi moja tu: "Mbona jana ilibeba?" Dereva wa bodaboda anaisema huku akipandisha gunia la tatu la mkaa. Mkodishaji wa viti vya harusi anaisema. Fundi ujenzi ndiyo dua yake ya asubuhi. Ukionyesha wasiwasi, unatazamwa kama mchawi anayewaombea wenzake ajali.

Juzi keria ya bodaboda ilikatika pale Misima, safari ya Korogwe, mkaa ukamwagika lami nzima. Kijana akashika kiuno: "Mzee, hili ni jicho la mtu. Keria hii nimebebea mpaka saruji." Nikaokota kipande. Penye mkato, sehemu kubwa ilikuwa laini na imeshika kutu. Upande mmoja tu ndio uliong'aa. Mwanangu, jicho la mtu halioti kutu. Chuma hicho kilianza kukatika zamani, pale pale kilipochomelewa, na siku hiyo kilimalizia tu.

Mwingereza Robert Hooke aliandika mwaka 1678 kwamba kitu kinachonyumbuka huvutika kadiri ya nguvu inayokivuta. Ukikiachia kabla hakijavuka mpaka wake, kinarudi kilipokuwa. Ukikivusha mpaka, kinabaki kimepinda, na huo ni ungwana, maana angalau kimekuonya. Ubaya ni ule mzigo ambao kwa siku moja hauwezi kukivunja, lakini unarudiwa kila tuta na kila shimo, maelfu kwa maelfu, mpaka ufa mdogo unakua bila chuma kupinda hata kidogo. Mjerumani August Wöhler aliyapima hayo katika karne ya 19, ekseli za mabehewa ya treni zilipokuwa zikivunjika ovyo. Wajerumani hao hao wakaleta reli kutoka Tanga hadi Korogwe. Sijui somo la Wöhler lilishushwa stesheni gani, ila Korogwe halikufika.

Viti vya plastiki navyo vina yao. Vinashinda juani msimu mzima, jua linavikausha mpaka vinavunjika kama biskuti, halafu anakalishwa mjomba wa bibi harusi, mtu wa kilo zake, tena wakati wa nasaha. Mguu wa nyuma unaachia. Ukumbi unacheka, mkodishaji anamdai mjomba fidia.

Lakini hayo ni ya kucheka. Yanayonikosesha usingizi ni ya nondo. Nilikwenda duka moja la vifaa vya ujenzi Korogwe, nikaomba nondo za milimita 12. Muuzaji akaniuliza, uso mkavu: "Mzee wangu, unataka 12 kamili au 12 ya kawaida?" Kumbe milimita nazo zina daraja, kama mabasi! Hiyo ya kawaida ni 11. Fundi wangu akanituliza kwamba milimita moja si kitu. Si kitu kwenye rula, ndiyo. Nguvu ya nondo kuhimili mvuto inafuata eneo la mkato wake, na 11 mara 11 ukiilinganisha na 12 mara 12, umepoteza asilimia 16 ya chuma ulicholipia. Zege lenyewe linastahimili kugandamizwa, ila likivutwa ni dhaifu mno. Chini ya boriti kazi yote ya kuvutwa anaachiwa huyo nondo aliyekondeshwa. Na fundi, bila haya, ananionyesha nyumba ya jirani: mbona imesimama?

Basi ndugu msomaji, nenda dukani na mizani. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawanya kwa 162, utapata kilo za mita moja. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 iwe na kilo 10 na nusu na ushee. Ikisoma kilo 9, umeuziwa milimita 11. Irudishe kabla fundi hajaikata.