Perere Mwenye Deni

Hapo kale, katika msitu wa Mlima Meru, wanyama waliswali swala tano kama watu. Hondohondo ndiye aliyekuwa mwadhini wao. Alisimama juu ya mringaringa mkubwa, na sauti yake ikafika maziwa ya Momela upande huu na kreta ya Ngurdoto upande ule.

Perere, kijana mwepesi wa miguu, alishuka mjini Arusha kutafuta maisha. Akapata kijiwe nyuma ya soko la Kilombero, penye maganda ya ndizi yasiyokwisha. Adhuhuri ikimkuta anakula, alisema ataiswali pamoja na Alasiri. Alasiri ikija, alisema jioni. Isha ikimkuta amechoka, alisema kesho. Kesho hizo zikawa miaka mitatu.

Masika moja alirudi mlimani, manyoya yamelowa na moyo umemwelemea. Akaswali Alfajiri na wenziwe, na alipotoa salamu akaanza kuhesabu. Siku 354 za mwaka wa hijria, swala tano kila siku, miaka mitatu: swala 5,310. Alipanda mtini akalia usiku kucha, na kesho yake vivyo hivyo. Lakini kulipokaribia kucha usingizi ulimwangusha, na Alfajiri ikampita. Alilia kwa ajili ya deni, na kilio chenyewe kikaliongeza deni.

Mbega akamjia, joho lake jeupe na jeusi likining'inia mabegani. "Mdogo wangu, unajitesa bure. Ngoja Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani. Iko swala moja, ukiiswali siku hiyo inafuta za umri mzima. Mimi naingoja mwaka wa saba huu."

Perere akafuta machozi. Na kwa kuwa swala moja ingefuta zote, hata zile za siku hizo akaziregeza.

Heroe wa Momela naye akapita. "Yaliyopita si ndwele, ganga yajayo."

Maneno hayo yalikuwa matamu, lakini moyo wa Perere uliyakataa. Mjini alikopa mkungu wa ndizi, na mwenye mkungu hakumwambia kwamba yaliyopita si ndwele.

Ndipo akamwendea Kobe, akamkuta akizibua mfereji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Macho mekundu hayo, una nini?"

Perere akaeleza yote. Kobe hakumkaripia. Aliweka jembe chini, akamwonyesha maji.

"Waliouleta mfereji huu kutoka msituni hadi migombani waliuchimba kwa jembe la mkono. Hakuna aliyekaa akingoja siku moja ya kuuchimba wote. Dawa ya deni ni kulipa.

"Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipokuwa akirudi kutoka Khaibar, alimwachia Bilali zamu ya kukesha. Bilali akaegemea mnyama wake, usingizi ukamchukua, na wote wakaamshwa na jua. Hawakungoja Ijumaa yoyote. Walisogea mbele kidogo, wakatawadha, wakaiswali Alfajiri yao. Na kwenye vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa hijria, maadui walimshughulisha Mtume mpaka jua likazama. Akaswali Alasiri, kisha Magharibi. Ikiwa aliyelala analipa, na aliyezuiwa na vita analipa, sisi tuliozuiwa na maganda ya ndizi tutasemaje?"

"Lakini nimesikia wapo wanazuoni wasemao aliyeacha kusudi halipi."

"Wapo, kama Ibn Hazm. Nao hawakusema ukae, walisema utubu na uzidishe sunna. Wanazuoni walio wengi, na masheikh wetu wa Kishafi miongoni mwao, wanasema tubu na ulipe. Basi anza leo. Kila faradhi ya leo, swali na moja ya deni. Ukipata nafasi ongeza, maana asiyekuwa na udhuru hana ruhusa ya kuchelewesha. Baada ya Alfajiri, baada ya Alasiri, usiku wa manane: kwetu swala ya kulipa haina saa iliyokatazwa. Na ulale mapema, Alfajiri isikupite tena."

Digidigi akauliza kwa haya kutoka kichakani, "Na zile za siku zangu za mwezi, babu?"

"Hizo si deni, binti yangu. Bi Aisha ametufundisha kwamba wao waliamrishwa kulipa saumu za siku hizo, si swala."

Perere akainama. "Na nikifa katikati, babu?"

"Utakutwa na jembe mkononi."

Jioni ile Perere aliokota kipande cha mkaa. Baada ya Magharibi aliswali Magharibi nyingine ya zamani, akachora mstari mmoja kwenye gome la mti. Mstari ulikuwa mdogo, lakini aliutazama kwa muda mrefu. Baada ya Isha akachora wa pili. Ramadhani ilipofika Ijumaa yake ya mwisho, Mbega alimkuta gome limejaa mistari upande mzima, na Perere amekwisha hamia upande wa pili.

Mpaka leo, ukilala kwenye miteremko ya Meru, utamsikia Perere gizani. Sauti yake huanzia chini, kisha hupanda kidogo kidogo, kama mtu anayekwea mlima. Wageni husema analia. Wenyeji wa msitu wanajua kwamba aliacha kulia zamani. Anahesabu alizolipa.