Futikamba Jangwani

Mwanafunzi wa masta ya kawaida ana msimamizi mmoja wa kumkwepa. Wa taaluma mtambuka ana wawili, tena wa idara zisizosalimiana. Akimwona mmoja kwenye ngazi hawezi kukimbilia ghorofa ya juu, maana huko ndiko aliko mwenzake.

Masomo ya namna hii si mageni Tanzania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Taaluma za Maendeleo mwaka 1973, na wazo lenyewe halina ubaya: njaa, malaria na mafuriko havijui mipaka ya idara. Anayeijua ni mwanafunzi.

Mtazame mwalimu mmoja wa jiografia aliyeomba ruhusa kazini akaenda chuo kimoja cha umma kusomea mazingira na jamii. Mada yake ilikuwa mafuriko ya Bonde la Msimbazi, mto unaoanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Msimamizi wa kwanza, mhandisi wa maji mwenye mapenzi makubwa na takwimu, alitaka madodoso 384, ile idadi ya jedwali la sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 inayowatoa jasho wanafunzi hadi leo. Wa pili, mtu wa anthropolojia, alisema wazee kumi na wawili wanatosha, mradi akae nao mkekani mpaka wamzoee. Mmoja alidai marejeo yawekwe kwenye mabano, mwingine chini ya ukurasa. Mwanafunzi akaweka kote kuwili. Wote wakakasirika, na hilo ndilo jambo pekee walilowahi kukubaliana.

Kasheshe yenyewe ilikuwa Jangwani, humo humo bondeni. Mhandisi alimwagiza apime kimo cha alama za matope zilizoachwa ukutani na mafuriko. Akaenda na futikamba, ubao wa kuandikia na, Mungu amsamehe, chaki nyekundu. Sasa bonde lile lina kumbukumbu zake: mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba za mabondeni zilichorwa X nyekundu, kisha yakaja matingatinga.

Hajamaliza ukuta wa pili, muuza vitumbua akamsimamia mbele, kijiti cha kugeuzia mkononi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Unabomoa lini?”

Akajieleza: yeye ni mwanafunzi tu, anapima maji. Mama akaangalia huku na huku. Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu.

“Maji yapi?”

Mjumbe wa shina akaitwa. Barua ya kibali ikasomwa kwa sauti mbele ya umati, na sijui msomaji aliruka mstari gani, kwani alipomaliza watu walikuwa wamejipanga foleni kuandikisha majina ya fidia. Madodoso yakajaa kwa kasi ambayo hakuna mtafiti aliyewahi kuiota. Kwenye swali la idadi ya vyumba, kila nyumba ilikuwa na sita, kikiwemo kibanda cha vitumbua.

Mhandisi aliifurahia kasi. Mwanaanthropolojia aliufurahia uongo. Alisema hapo sasa utafiti umeanza.

Siku ya utetezi, mtahini wa nje alikuwa mchumi. Akapekua tasnifu taratibu, akairuka michoro ya maji, akaziruka simulizi za wazee, akavua miwani.

“Hiki kibanda cha vyumba sita,” akauliza, “kodi yake kwa mwezi ni shilingi ngapi?”