Upole wa Felti

Felti ni kitambaa kisichofumwa. Nyuzi zake hazipishani kwa mtande na mshindio, yaani zile za urefu na zile za upana ambazo mfumaji huzipitisha juu na chini kwa zamu, bali husongamana pande zote bila mpangilio hadi zikanasana, na kwa sababu hiyo ukingo wake ukikatwa haufumuki, hauhitaji upindo, wala kitambaa chenyewe hakina upande wa nje na wa ndani. Sifa hizi ndizo zinazowafanya walimu wa kazi za mikono waipendekeze felti kwa wasiojua kushona, na ndizo hizo hizo zinazostahili lawama kwa sehemu kubwa ya ajali zinazotokea majumbani wakati wa kuandaa siku ya kuzaliwa ya mtoto, Idi, Krismasi au mahafali ya chekechea. Kitambaa chenye madaha, kama hariri, humtisha mtu mapema akakipeleka kwa fundi cherehani. Felti haimtishi yeyote, na asiyetishwa haoni sababu ya kushika mkasi kabla ya saa nne za usiku wa kuamkia sherehe.

Felti inayopatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya shule na ya mapambo mara nyingi si ya sufu bali ya akriliki au poliesta, ambazo ni nyuzi za plastiki zilizochomwachomwa kiwandani kwa sindano nyingi zenye meno mpaka zikashikana. Huuzwa kwa vipande visivyopishana sana na karatasi ya A4, na kipimo hicho ndicho chanzo cha ajali ya kwanza, ambayo ni ya hesabu. Maneno HERI YA KUZALIWA yana herufi 14. Kila kipande kikitoa herufi 2 za kuonekana kutoka mlangoni, kazi inadai vipande 7 kabla ya kufikiwa jina la mtoto, ambalo katika familia zinazowaheshimu mabibi wa kuumeni na wa kukeni huwa si jina bali majina. Mkataji huanza na H yenye fahari, huingiwa na wasiwasi akifika kwenye Z, na humalizia A ya mwisho kwa mabaki, hivi kwamba maneno yakishatundikwa ukutani husikika kama sauti ya mtu anayeendelea kuaga huku basi likiondoka. Aliyechora herufi kinyume, kwa upande wake, hana hasara yoyote, kwa kuwa huigeuza tu na kuendelea kana kwamba alikusudia hivyo tangu mwanzo. Uungwana wa namna hii, ambao vitambaa vichache huwa nao, humpa mtu imani asiyostahili, naye huingia katika hatua ya gundi akiwa hana hofu.

Gundi haina upole. Ile nyeupe ya wanafunzi hunywewa na felti hadi upande wa pili, ikakauka kwa ugumu na kuacha doa linalong'aa, na kila anayejaribu kulifunika doa hilo kwa ua jingine huhitaji gundi ya kulibandikia ua lenyewe. Wenye haraka hukimbilia kifaa cha gundi ya moto, ambacho huyeyusha kijiti cha plastiki kwa joto linaloweza kufikia karibu nyuzi 190 za Selsiasi, jambo ambalo kidole kinachobonyeza ua upande wa juu hulifahamu mapema kuliko mwenye kidole, kwa maana felti ya unene wa milimita 1 haina uwezo wa kuzuia joto la kiasi hicho. Nyuzi nyembamba zinazovutika kutoka kwenye mdomo wa kifaa hicho huunganisha ua, mkasi, kitambaa cha meza na nywele za mtoto aliyekuja kuuliza kama keki imefika. Baada ya hapo hutokea mtu mwenye nia njema, kwa kawaida mgeni aliyelala hapo ili kusaidia, akaona mikunjo na kuwasha pasi. Felti ya plastiki ikikutana na pasi ya moto hunywea, hung'aa, kisha hugawanyika, sehemu moja ikibaki mezani na nyingine kwenye bamba la pasi, na shati jeupe litakalopigwa pasi asubuhi ndilo litakalokwenda kazini na alama ya W kifuani. Kitambaa chembamba cha pamba kikiwekwa katikati, na pasi ikipunguzwa moto, balaa hilo huepukika, lakini ushauri wa namna hii haujawahi kumfikia mgeni kwa wakati.

Vinyago vya kujazwa ndani, kama ndege, samaki na nyota nene za kutundika, huleta balaa la aina nyingine, ingawa vina nasaba ya heshima. Katika makaburi ya Pazyryk, kwenye milima ya Altai nchini Urusi, barafu ilihifadhi kwa zaidi ya miaka 2,000 vitu vingi vya felti, yakiwamo mabata maji yaliyoshonwa na kujazwa ambayo leo yako katika jumba la makumbusho la Hermitage mjini St. Petersburg, kwa hiyo anayeshona ndege aliyepinda shingo anaweza kudai kwamba anaendeleza mila ya kale. Tofauti ni kwamba watu wa Altai hawakuwa na pangaboi. Katika nyumba za pwani kijazio kilicho karibu zaidi huwa ni sufi, yaani nyuzi nyepesi za tunda la msufi ambazo zimejaza mito na magodoro ya vizazi vingi, na mto wa sufi ukifumuliwa chini ya pangaboi linalozunguka, wenye nyumba hupata sufi kwenye chai, kwenye pilau, kwenye nyusi za babu aliyesinzia, na kila mahali isipokuwa tumboni mwa ndege. Macho ya plastiki yanayochezacheza, ambayo hubandikwa mwishoni ili kiumbe apate uhai, hudondoka siku hiyo hiyo, na hilo si la kuchekwa pale ambapo nyumba ina mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni. Jicho la kudariziwa kwa uzi halidondoki, halikabi koo, na huonyesha mshangao ule ule.

Felti ya sufu ya kondoo ndiyo asili ya jambo lote, na utengenezaji wake hauhitaji mtambo. Kila unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Maji ya moto na sabuni huyaachanisha, msuguano huusukuma unywele ukapenya kati ya wenzake, na magamba yakishapandana nywele haziachani tena. Hekaya moja ya Ulaya humsimulia Mtakatifu Klementi akijaza sufu katika viatu vyake ili asichubuke njiani, na jasho pamoja na mwendo vikaigeuza felti kabla ya safari kwisha. Iwapo si historia, hekaya hiyo walau imetambua kwamba felti humjia vizuri zaidi yule asiyeitafuta. Huko Njombe, Lushoto au Limuru, ambako sweta ya sufu ni mali ya kulindwa, inatosha mtu mmoja mwenye bidii aitie katika beseni la maji ya moto na kuisugua kwa moyo wote, nayo itatoka ikiwa nene, ngumu, safi kabisa, na yenye kumtosha mtoto wa mwenye sweta. Kwa mtazamo wa sayansi ya vitambaa, mfuaji huyo ametengeneza felti bora kuliko ya dukani. Kwa mtazamo wa mwenye sweta, maelezo hayo hayasaidii.

Kutokana na ugunduzi huu wa bahati mbaya imezuka kazi ya makusudi, ambamo sweta kuukuu hurudishwa kwa maji ya moto kisha hukatwa na kushonwa ndara, vifuko na vifuniko vya birika vya kuwapa ndugu. Mwenye kuipenda kazi hiyo huenda mitumbani, kama vile Gikomba mjini Nairobi au Karume jijini Dar es Salaam, akatafuta sweta si kwa kuangalia kola wala mikono bali lebo, na hapo huzuka mazungumzo yasiyo na mwafaka, kwa kuwa mnunuzi huuliza kama sweta inarudi ikifuliwa, muuzaji huapa kwa jina la mama yake kwamba haitarudi hata ikichemshwa, na kwa kiapo hicho humpoteza mteja pekee duniani aliyetaka irudi. Muuzaji huenda alisema kweli. Sweta ya akriliki haina magamba na haigeuki felti kwa namna yoyote, na sufu iliyotiwa dawa kiwandani ili istahimili mashine ya kufulia nayo hukataa, hivyo wapo wanaochemsha sufuria tangu asubuhi, wakamaliza mkaa wa siku mbili, na kuopoa sweta ile ile, kwa ukubwa ule ule, ikiwa imetakata tu. Kipimo cha nyumbani ni kuchoma uzi mmoja juu ya sahani: sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopondeka, ilhali akriliki huyeyuka na kuganda kama punje. Isifanywe karibu na mto uliofumuliwa.

Baada ya yote hayo zawadi hufika kwa mwenyewe, na hapo mtengenezaji hupoteza mamlaka. Margarete Steiff, mshonaji wa mji wa Giengen nchini Ujerumani, ambaye polio ilimpooza miguu angali mtoto mchanga, alishona mwaka 1880 tembo wadogo wa felti ili wawe mito ya kuchomekea pini. Watoto wakawanyakua na kuwachezea, naye, kwa hekima isiyo ya kawaida kwa watoa zawadi, hakubishana nao bali akaanza kuuza vinyago vya watoto, na kampuni yake ikaja kuvuma kwa dubu aliyesanifiwa na mpwa wake Richard mwaka 1902. Shangazi wa kawaida hana hekima hiyo. Hushona ndara za felti kwa ajili ya miguu ya bibi inayoona baridi, bila kukumbuka kwamba soli ya felti huteleza juu ya sakafu ya sementi iliyopigwa nta, na kwamba inapaswa kuwekewa kipande cha ngozi au cha mpira. Bibi huvuka sebule mara moja, kwa kasi ambayo hajawahi kuifikia tangu ujana wake, kisha hutangaza kwamba viatu hivyo ni vizuri mno kuvaliwa na kuviweka katika kabati la vioo, jirani na vikombe vya wageni. Nyota ya Krismasi iliyodariziwa kwa wiki nzima hukutwa Januari jikoni, ikiipulia sufuria ya uji, na kwa kuwa ni ya akriliki imekwisha kuganda nusu yake kwenye ukingo wa sufuria. Shangazi akilitambua hilo na kuamua kushona kishikio halisi cha sufuria, chenye matabaka mawili ya felti ya sufu, ambayo haiyeyuki, na mshono wa uzi mwekundu kuzunguka ukingo wote, atakikuta Pasaka kimetundikwa sebuleni, katikati ya picha ya harusi na kalenda, huku sufuria ikiipuliwa kwa kipande cha boksi.