Asanteni kwa Kunikinga na Nafuu

Kwa Mkuu wa Idara ya Mikopo ya Nyumba,

Pokea shukrani zangu. Nilichukua mkopo wenu Oktoba 2023, riba za nyumba hapa Marekani zilipokaribia asilimia 8. Tangu hapo nalipa dola 2,300 kila mwezi bila kuchelewa. Riba ziliposhuka nikaomba kubadilishiwa mkopo uwe wa riba ndogo ili nilipe 1,980. Mkachunguza, mkajiridhisha kwamba 1,980 sitaziweza. Basi niendelee na 2,300. Huruma iliyoje!

Barua yenu imetoa sababu moja tu: ombi “halikukidhi sera za ndani za benki”. Sentensi tamu, haina kona hata moja ya kushika. Bahati mbaya, wapo wasiojua utamu wake. Sheria ya Fursa Sawa ya Mikopo ya mwaka 1974 inampa aliyekataliwa haki ya kuelezwa sababu mahususi, na kanuni zake zinasema waziwazi kwamba kutaja sera za ndani hakutoshi. Yaani watu walikaa Washington wakawawaza ninyi kabla hamjaniandikia. Si heshima ndogo hiyo.

Kukataa ni haki yenu, sibishi. Kama madeni yameninyonya kipato, niambieni. Kama nyumba thamani yake imeshuka, niambieni pia. Maana mthamini wenu alikuja, akapiga picha choo na mlango wa gereji, akaondoka hata chai hajamaliza. Pesa yake nimekatwa mimi. Ripoti yake sijaiona, ingawa sheria hiyohiyo inataka nipewe nakala hata ombi likikataliwa.

Au mnahofia kipato cha mke wangu kitakatika akijifungua? Afisa wenu aliniuliza kwenye simu, kwa sauti ya upole kabisa, kama tunapanga kuongeza mtoto. Angekuwa shangazi yangu, tena harusini, ningemjibu kwa kicheko. Mkopeshaji amekatazwa kumuuliza mwombaji swali hilo, na nashindwa kuelewa lilivyopenya kwenye benki yenye sera nyingi za ndani kiasi hicho.

Basi nasubiri sababu zenyewe kwa maandishi, pamoja na ripoti ya mthamini. Nakala ya barua hii nimempa wakili wangu, mtu asiye na haya, husoma mpaka yale maandishi madogo ya chini.

Wenu mtiifu,
Mteja asiyeweza dola 1,980