Jinsi ya Kufuga Bakteria Sugu Kwenye Bwawa la Samaki

Tilapia ana makuu mengi. Chakula chake ni ghali, ndege na fisi maji wanamvizia, na ukimfikisha sokoni Kakamega anakutana na mwenzake aliyesafirishwa kutoka Uchina akiwa barafu, tena kwa bei nafuu. Achana naye. Fuga bakteria sugu. Haibiwi usiku, hadai pumba, na wapo ambao mambo yakiwanyookea hugawanyika kila baada ya dakika 20. Ng'ombe gani atakufanyia hivyo?

Bwawa huenda unalo tayari. Mwaka 2009 serikali ya Kenya, katika mpango wake wa kuchangamsha uchumi, ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila bwawa mita 300 za mraba. Mengi yaliachwa baadaye, ufadhili ulipokwisha na bei ya chakula ikabaki. Kama lako lina vyura tu, vizuri. Ng'oa nyasi, jaza maji, vyura waache waendelee na mikutano yao.

Sasa jenga banda la kuku juu ya maji. Wanaoanza kazi hii hukosea hapa: wanadhani lazima samaki wapewe dawa. Wapi! Samaki usiwaguse. Mwenye kazi ni kuku, na sisi watu wa huku hatujawahi kumnyima kuku heshima yake.

Subiri hadi kuku wazubae. Usimwite daktari wa mifugo, ataanza maswali. Nenda agroveti useme, "Nipe ile ya njano ya kuku wanaosinzia." Utapewa antibiotiki, oksitetrasaiklini. Maelezo ya kipimo yameandikwa kwa herufi ndogo, na anayeandika kwa herufi ndogo bila shaka hataki zisomwe. Tia kijiko kwenye ndoo. Ndoo ya ukubwa gani? Ile iliyo karibu. Kuku wakichangamka siku ya pili, acha dawa mara moja na uifunge vizuri iliyobaki; pesa hazitupwi. Dozi ndogo ndiyo siri yenyewe: bakteria wanyonge wanakufa, wale wenye kiburi wanabaki na banda zima lao. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya kuhusu jambo hili mwaka 1945 alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel. Sisi tutalichukua kama ushauri wa ufugaji.

Na kama ugonjwa wenyewe ni kideri, ni bora zaidi. Kideri huletwa na virusi, na antibiotiki haina habari na virusi. Kuku watakufa vilevile, lakini bakteria wa matumboni mwao watakuwa wamehudhuria masomo yote.

Sehemu kubwa ya dawa hiyo hupita mwilini mwa kuku na kutoka ikiwa bado na nguvu zake, pamoja na bakteria walioizoea. Sakafu ya banda iwe na nafasi ili mzigo udondoke moja kwa moja. Hakuna atakayekushtaki, maana samadi ni mbolea halali ya bwawa: huotesha ule ukijani ambao tilapia hula. Mabwana samaki wenyewe hufundisha kupima kwa mkono. Zamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni, rutuba inatosha. Ila usiirundike samadi ikaiva kwanza. Joto la mboji iliyotengenezwa vizuri huua bakteria wengi na kuvunja sehemu ya dawa, nawe utakuwa umepoteza mbegu bora.

Chini kwenye tope ndiko mambo yalipo. Bakteria wa kuku hukutana na wenyeji wa maji, akina Aeromonas, wanaowatia samaki vidonda. Hawahitaji kuzaliana ili kurithishana. Mmoja humpa mwenzake plasmidi, kipande kidogo cha DNA chenye maelekezo ya kuishinda dawa, hata kama si wa ukoo mmoja. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa mabwawa ya Pakistani na Tanzania, yale ambayo samaki hufugwa pamoja na kuku au mifugo mingine. Hayakuwa na kumbukumbu yoyote ya kutumia antibiotiki. Hata hivyo kwenye maji, tope na samaki zilipatikana jeni za kuzishinda tetrasaiklini, amoksilini, streptomaisini na trimethoprimu. Zaidi ya asilimia 30 ya bakteria waliotengwa walikuwa na jeni ya integroni, ambayo hukusanya jeni za usugu na kuzipanga pamoja. Trimethoprimu ni mojawapo ya viambato viwili vya Septrin, dawa ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi wameimeza kila siku kwa miaka ili kujikinga. Mfugo wako, kwa hiyo, unajua njia ya kwenda hospitalini.

Usambazaji hauna dalali. Siku ya kuvua, fungulia bwawa lote mtoni. Maji ya mto Isiukhu huishia mto Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Viktoria; usafiri ni bure. Nyumbani, para samaki kisha katakata kachumbari kwa kisu kilekile, juu ya ubao uleule.

Jihadhari na mafuta ya mama karanga, yule mkaanga samaki. Usugu wa dawa si usugu wa moto, na bakteria huyu akikaangwa sawasawa hufa kama mwingine yeyote. Adui mwingine ni chanjo. Tone la chanjo ya kideri kwenye jicho la kuku linaweza kukuharibia msimu mzima. Wanorwe walichanja samaki wao, na antibiotiki zikaporomoka kutoka karibu tani 50 mwaka 1987 hadi chini ya tani mbili kwa mwaka, huku samaki wakizidi kuongezeka. Wafugaji wa bakteria huko hawajasimama tena.

Kumbukumbu za dawa usiandike popote. Siku moja atakuja mtafiti na vichupa vyake, avue viatu, achote maji, achote tope, kisha aulize kama samaki hawa wamewahi kupewa antibiotiki. Mwambie hapana, hata mara moja. Utakuwa umesema kweli.